Anayeapa na Wanaosikia
Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 nchini Tanzania, wenyeviti wa vijiji waliapishwa na mahakimu, mara nyingi kwa makundi ukumbini: Biblia na Kurani mkononi, kila mmoja akitaja jina lake, kisha wote wakiendelea kwa sauti moja. Sheria ikatimia. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba, milimani wilayani Same, ambaye hawezi kuacha shamba ashuke kwa hafla kama hiyo, amekosa nini? Mwenye shaka atajibu kwamba hajakosa kitu, kwa kuwa mwizi huapa kwa ulimi mwepesi kuliko mwaminifu. Ni kweli, na kama kazi ya kiapo ingekuwa kusafisha moyo, kingestahili kufutwa. Lakini kiapo hutengeneza mashahidi. Aliyeapa nikimsikia amenipa haki ya kumwambia: ulisema. Ndiyo maana ibara ya 68 ya Katiba ya 1977 inamtaka mbunge aape ndani ya Bunge kabla ya kushiriki shughuli zake, isipokuwa kumchagua Spika, hata awe ameshinda kwa kura nyingi namna gani. Kura ni kauli ya wananchi. Yeye mwenyewe bado hajasema.

Same inajua gharama ya uhalali usio na masikio. Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani wakapiga kambi kwenye makao ya wilaya kupinga mbiru, kodi ya kukadiria mali ya mtu, mkasa ambao mwanahistoria Isaria Kimambo aliuandikia historia. Machifu waliohusika na makadirio walikuwa halali kabisa mbele ya Mwingereza, ila waliwajibika kwake kuliko kwa waliokadiriwa. Mvutano ulipita mwaka mzima, na mwishowe mbiru ikafutwa.

Basi umati unatosha? Hapana. Mwanasiasa wa upinzani wa Kenya, Raila Odinga, aliapa kuwa “rais wa wananchi” Uhuru Park, Nairobi, tarehe 30 Januari 2018 mbele ya halaiki, na hakupata ofisi. Sheria na masikio vinahitajiana. Kwa kuwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inaufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa mamlaka ya juu kijijini, mwenyekiti akitamke kiapo pale tena, kabla ya taarifa ya mapato na matumizi. Watasema mahakimu ni wachache na barabara za Vudee na Chome ni mbaya. Hakimu abaki Same. Maneno yapo kwenye karatasi, na kuyasoma hakuchukui dakika tano. Akimaliza, wanakijiji waanze kuuliza habari za michango ya zahanati.