Amri ya Tano Njiani



Mmekwisha jifunza kwamba amri ya tano yakataza kuua. Labda mmoja wenu husema moyoni: «Amri hii hainihusu, kwa maana sina panga wala bunduki.» Lakini je, mlevi anayeendesha pikipiki au lori, ameshika nini mkononi?

Tazameni barabara itokayo Kolwezi kwenda Likasi. Malori ya shaba na kobalti hupita humo, na kandokando watu huenda kwa miguu. Gari liendalo kilometa 60 kwa saa hupita karibu meta 17 kila sekunde. Lutuku na bangi huchelewesha jicho na mkono. Dereva akichelewa sekunde moja tu kushika breki, meta 17 zimekwisha pita. Naye mtoto alikuwa kwenye meta ya kumi.

Mjini Kinshasa, mwaka 2021, habari za unga uitwao «bombe» zilienea. Kifaa cha ndani ya bomba la moshi la gari, kilichowekwa ili kupunguza sumu ya moshi, kiliibwa, kikasagwa, kikachanganywa na vidonge. Vijana walioutumia waliduwaa kama sanamu. Oneni: kilichowekwa kuondoa sumu, mwanadamu amekigeuza kuwa sumu. Ndivyo alivyo mlevi: akili aliyopewa na Mungu imwongoze, aizima kwa mkono wake mwenyewe.

Swali: Dereva mlevi aliyeua bila kukusudia, ana kosa?
Jibu: Ndiyo. Hakukusudia kuua, lakini alikusudia kunywa, hali akijua ataendesha. Awashaye moto penye nyasi kavu asiusingizie upepo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha kwamba ahatarishaye watu njiani kwa ulevi ana kosa zito.

Swali: Na anayemnunulia dereva pombe?
Jibu: Naye ashiriki kosa hilo.

Swali: Kahawa au maji baridi humponya mlevi upesi?
Jibu: Hapana. Pombe hutoka mwilini polepole. Dawa yake ni kungoja.

Aliyefungwa na bangi au vidonge msimcheke. Mpelekeni kwa mganga wa hospitali, mkamwombee.

Siku ya Ubatizo mtaulizwa kama mnamkataa shetani na mambo yake yote. Basi anzeni leo: aliyekunywa aache ufunguo nyumbani, na abiria akimwona dereva amelewa, ashuke, awaonye na wenzake. Afadhali kufika kwa miguu usiku kuliko kutofika kabisa.