Kwa Mpwa Wangu Anayekwenda Mlimani



Wiki ya kwanza tu, kabla hujajua ukumbi wa Nkrumah uko upande gani, mtu atakuuzia madesa. Yatakuwa yametolewa kopi ya kopi mpaka herufi zimefifia, yamebanwa pini kwenye pembe, na bei yake haifiki sahani ya chipsi. Ndani utakuta riwaya nzima imekaushwa ikawa kurasa nne: dhamira, migogoro, wahusika, matumizi ya lugha, kwisha. Usinunue. Ukipewa bure, fungia maandazi.

Sisemi kwamba yana uongo. Mengi ni ya kweli, na wako waliofaulu kwayo wakavaa joho wakapigwa picha. Lakini chukua Rosa Mistika ya Kezilahabi. Desa litakwambia dhamira ni malezi, Zakaria ni baba mkali na mlevi, Rosa anaharibikiwa. Halitakuonyesha kwa nini kitabu hicho kilipotoka mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya mwandishi wake kuhitimu hapohapo Mlimani, chuo unachokwenda, kiliwachoma watu hata kikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Hilo utalipata ukikisoma mwenyewe, umkasirikie Zakaria, kisha umkasirikie Rosa, kisha ufike mwisho ambako lawama inapelekwa mbele ya Mungu, ubaki unajiuliza kijana yule aliyekiandika alikuwa na ujasiri wa namna gani. Ukiingia semina na hasira zako mwenyewe utakuwa na la kusema. Ukiingia na desa utasema lile ambalo wenzako thelathini wameshalisema. Na hizi programu za simu zinazokuandikia insha wakati wewe unakula, nazo ni desa, ila hazina vumbi.

Najua upande wa baba yako wanaulizana: mtoto anakwenda kusomea Kiswahili, kwani hakijui? Usibishane nao. Waambie SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakipa nafasi ya lugha ya kazi mwaka 2022. Wakishanyamaza, wewe ujiambie lile ambalo wao hawalijui: kwenye mikutano ya jumuiya hizo Kiswahili kinakaa na Kifaransa na Kireno, na mkalimani mwenye Kiswahili na Kiingereza peke yake anapigania kiti na umati. Ukiona kozi ya Kifaransa au Kireno imo katika orodha ya hiari, ichukue hata kama ratiba yake ni ya saa moja asubuhi.

Tafsiri nayo isikupite. Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 akiwa Rais. Hakuridhika nayo. Akaishika tena, akaisahihisha, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mtu mwenye nchi ya kuendesha alipata muda wa kurudia kazi yake mstari kwa mstari, na wewe utataka kukabidhi insha usiku ule ule ulioiandika? Tena angalia Gurnah. Riwaya yake Paradise ilitoka mwaka 1994, imeandikwa na mtu wa Unguja, habari zake ni za pwani na bara yetu. Sisi tumeisoma kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, mwaka 2022, baada ya Nobeli ya 2021, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kazi ile ya kuitafsiri ilikuwa wazi miaka yote hiyo, na idara zetu zilikuwa zinahitimisha watu kila mwaka. Mimi jambo hilo huniuma.

Isimu wenzako wataikimbia. Usiikimbie. Ni kavu, naam, hasa ile michoro ya sintaksia inayoning'inia ubaoni, lakini ukitoka nayo utajua sentensi imevunjika wapi badala ya kuhisi tu kwamba imevunjika. Mhariri anayejua hilo hana haja ya kufoka.

Sasa habari, ambayo ndiyo iliyonipa ugali miaka yangu yote. Utapelekwa fildi, kwenye chumba cha habari. Siku ya pili au ya tatu utakabidhiwa taarifa kwa vyombo vya habari, kurasa mbili kutoka ofisi fulani, uambiwe "itengeneze stori". Hapo ndipo desa linapokufuata mpaka kazini, maana taarifa ile ni tukio ambalo mtu mwingine ameshakutafunia, tena mtu mwenye maslahi. Kama inasema kisima kimezinduliwa, panda daladala ukaone kama maji yanatoka. Uliza jirani wa kisima, si diwani peke yake. Ukirudi, andika kwa maneno ya jirani yule, na usijaze aya na "amebainisha", "amefafanua", "amesisitiza", kana kwamba mtu akisema tu ni aibu. Aliyesema, amesema.

Kwenye semina na mikutano ya waandishi utapewa bahasha. Wataiita nauli. Sitakudanganya kwamba mishahara ya vyumba vya habari ni minono; mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa stori, na stori yake inaweza kulala wiki nzima mezani kwa mhariri. Najua njaa hiyo. Hata hivyo, nauli ya kwanza ndiyo inayopanga bei ya zote zinazofuata, na wanaozitoa huwakumbuka waliozipokea vizuri kuliko wanavyokumbuka stori zao. Panga bajeti ya bumu, mkopo wako wa chuo, mapema ili njaa isikuamulie.

Usikubali pia mtu akutenganishie fasihi na habari, kwamba hii ni ya watu wa ndoto na ile ya watu wa kazi. Muhammed Said Abdulla alikuwa mhariri wa magazeti Unguja kabla Mzimu wa Watu wa Kale haujatoka mwaka 1960 na mpelelezi wake Bwana Msa. Adam Shafi ni mtu wa uandishi wa habari. Ken Walibora aliandika Siku Njema, na Wakenya walimwona wakati mmoja akiwasomea habari kwenye televisheni. Kwa hiyo nakupa kazi ya mwaka wa kwanza, nje ya ratiba. Soma Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, inayofika kwenye mgomo wa wapagazi wa bandari ya Unguja wa 1948. Halafu siku ukivuka kwenda Unguja, ingia Nyaraka za Taifa pale Kilimani, uombe magazeti na kumbukumbu za wakati ule. Weka riwaya upande mmoja, gazeti upande wa pili. Tazama gazeti limemtaja nani kwa jina na limemwacha nani kuwa "makuli". Tazama riwaya imempa nani mke, deni na maumivu ya mgongo. Hakuna mhadhara utakaokufundisha zaidi kuhusu kazi hizi mbili. Ukikosa nafasi ya kuvuka, maktaba ya hapo chuoni ina sehemu ya East Africana; wanafunzi wengi huhitimu bila kuujua mlango wake.

La mwisho ni la likizo. Usije ukalala mpaka saa nne. Bibi yako ana ngano ambazo hazimo katika kitabu chochote ninachokijua, na simu yako ina kinasa sauti. Mrekodi, kisha ziandike neno kwa neno, pamoja na kikohozi, pamoja na anaposahau akarudi nyuma, pamoja na anapomfokea kuku katikati ya hadithi. Usimsafishie lugha iwe sanifu. Mwombe ruhusa kwanza, na umwambie utazipeleka wapi. Nimeshamdokezea, naye jambo la kwanza alilouliza ni kama atalipwa. Nimemwambia atapewa nauli, akasema yeye haendi popote. Mtamalizana wenyewe.