Mwamini Anayeona Usichokiona

Katika makanisa mengi ya Kigali, tangu Remera hadi Nyamirambo, vitabu vya nyimbo vimepungua mikononi. Maneno ya wimbo huangazwa ukutani kwa projekta, herufi nyeupe juu ya weusi. Kwenye ibada ya Kiswahili, wanapokutana Wanyarwanda, Warundi, Wakongomani na Watanzania, ukuta huo ni msaada mkubwa: hata mgeni asiyeujua wimbo huimba na wenzake.

Sasa mfikirie dada aliyeketi safu ya nyuma. Kila anapoyatoa macho kwenye mstari wa wimbo kuitazama kwaya, michirizi myekundu, ya kijani na ya buluu huchomoza kando ya herufi, kisha hutoweka. Anamnong'oneza jirani yake. Jirani anakaza macho ukutani, haoni kitu. "Labda ni macho yako, dada." Jumapili inayofuata hasemi tena. Anaimba amefumba macho, kichwa kinamuuma. Wengine wanadhani amezama katika maombi, wengine wanasema anaringa.

Fundi wa mitambo angemwelewa mara moja. Projekta nyingi hutumia chipu yenye maelfu kwa maelfu ya vioo vidogo mno, iliyobuniwa na Larry Hornbeck katika kampuni ya Texas Instruments mwaka 1987. Zenye chipu moja tu haziwezi kutoa rangi zote kwa pamoja. Kwa hiyo mwanga wa taa hupitishwa kwenye gurudumu la vioo vya rangi linalozunguka kwa kasi, pengine mara 120 kwa sekunde. Nyekundu hupita, kisha kijani, kisha buluu, na macho yetu huziunganisha tukaona nyeupe. Lakini jicho likihama ghafla, kila rangi huangukia mahali pake, na herufi nyeupe hupasuka kama upinde wa mvua. Wapo wanaouona kila mara, na wapo wasiouona maisha yao yote.

Tulia kidogo hapo. Rangi zile zipo kweli. Weupe tulioujua sisi umeungwa na macho yetu wenyewe. Yule tuliyemwambia macho yake yana kasoro ndiye aliyeona jinsi mwanga unavyofika ukutani.

Je, nyumbani kwako yupo mtu wa namna hiyo? Mke anasema, "Maneno yako ya jana yaliniumiza," nawe unajibu, "Mbona mimi sikuona ubaya wowote?" Mtoto anasema anaogopa, nasi tunacheka. Wahenga walituonya kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mara nyingi hatukosi upendo, mpendwa. Tunakosa tu subira ya kukubali kwamba mwenzetu anaweza kuumizwa na jambo lililotupita bila kutugusa.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya mwili wenye viungo vingi, hakukiacha kiungo kimoja kiumie peke yake. Hakutaka kwanza viungo vingine vithibitishe maumivu hayo. Msamaha nao huanzia hapo: nitaombaje radhi kwa jeraha ninalokana kwamba lipo? Na wewe uliyepuuzwa, je, unaweza kumsamehe aliyekupuuza, ukijua kwamba pengine hakuona kweli?

Kumwamini mtu huzaa tendo dogo. Wanaoshughulikia projekta wanaweza kupunguza ukali wa weupe juu ya weusi, au kutafuta projekta ya paneli tatu, inayotoa rangi zote kwa wakati mmoja. Nyumbani tendo hilo ni jepesi zaidi. Juma hili, mwendee mmoja uliyewahi kumwambia "ni macho yako tu." Mwombe akueleze tena alichokiona. Msikilize mpaka mwisho bila kujitetea, kisha umuulize ufanye nini.