Tia Madoido, Unangoja Nini?

Unapiga sawa. Kila nota iko mahali pake, mpigo huupotezi, hakuna anayekukunjia uso. Wimbo unakwisha, watu wanapiga makofi ya adabu, kisha wanarudi kwenye simu zao.

Umeliona hilo mara ngapi?

Hukukosea hata kidogo. Tatizo lako ndilo hilo hilo: umeridhika na kutokukosea!

Wewe unayejifunza udi, fidla, kanuni, wewe unayeimba, ndiye ninayekuuliza. Zile nota ndogondogo zinazopita mbio kabla ya nota kubwa, ule mtetemo, ule mtelezo wa kidole, yale madoido yanayomwinua mama wa safu ya mbele akaenda kutunza, mbona huyapigi? Unayajua. Ukiwa peke yako bafuni unayapiga kwa mluzi, tena vizuri. Ukipanda jukwaani unayaacha nyumbani.

Unaogopa.

Na woga wenyewe umeuvika kanzu ya heshima. "Nisije nikauharibu wimbo wa wazee." Wazee gani hao? Siti binti Saad, aliyekuwa akiuza vyungu, aliukuta muziki wa taarab ukiimbwa kwa Kiarabu. Akauimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alikuwa Bombay, ng'ambo ya bahari, akirekodi santuri. Angekaa akingoja kuruhusiwa, leo ungelijua jina lake?

Wazee hawakukuachia sanamu ya kufutwa vumbi. Wamekuachia wimbo, na wimbo unataka mtu ndani yake.

Au unadhani madoido ni ya mabingwa, ya baadaye, ukishakomaa? Mwaka 1720 Johann Sebastian Bach alimwanzishia mwanawe Wilhelm Friedemann daftari la masomo ya kinanda. Kwenye kurasa za mwanzo kabisa akamchorea jedwali la madoido: alama juu, na chini yake namna ya kuipiga. Mtoto alikuwa na miaka 9. Tisa! Hakuambiwa asubiri akue. Baba yake aliyahesabu madoido kuwa alfabeti.

Na wewe una miaka mingapi?

Tazama hili pia. Sonata za fidla za Corelli, zile za mwaka 1700, katika sehemu nyingi za polepole zina nota chache tu, ndefu, tupu. Mtu asiyejua atasema huyu bwana alikuwa mvivu. Kumbe enzi zile kila mpiga fidla alitarajiwa ajaze mwenyewe! Mwaka 1710 mchapishaji mmoja wa Amsterdam akazitoa upya na madoido yake, akitangaza kwamba ndivyo Corelli mwenyewe alivyozipiga. Zikutanishe kurasa hizo mbili. Pale palipokuwa na nota moja imekaa peke yake, sasa kuna msururu wa nota unapanda, unashuka, unazunguka, ndipo unatua. Wimbo ni ule ule. Kilichoongezeka ni mtu.

Na Umm Kulthum? Redio ya Cairo ikirusha maonyesho yake Alhamisi ya kwanza ya mwezi, mstari mmoja wa shairi aliweza kuurudia tena na tena, na kila akiurudia sauti inapita njia nyingine. Watu wanapiga kelele wakitaka tena, naye anawapa tena, lakini si ile ile. Wimbo mmoja ulikula saa nzima. Wewe dakika nne zinakushinda kuzitia uhai?

Amka basi!

Sitaki kusikia kwamba hukuzaliwa na kipaji hicho. Kama umekulia pwani, sikio lako limesoma zamani. Alfajiri ngapi umemsikia muadhini akiivuta silabi moja, akaikunja, akaipandisha, akaishusha taratibu? Adhana si muziki, na sitaki ugomvi na masheikh, lakini sikio lilikuwa macho. Shule unayo. Umelala darasani tu.

Sasa chukua udi. Ndiyo, sasa hivi, makala hii itakungoja.

Usichukue wimbo mzima. Chagua mstari mmoja. Upige mtupu kwanza, polepole, mpaka vidole viuzoee. Kisha tafuta nota moja tu, ile ndefu, ile ambapo wimbo unakaa kupumzika. Kidole cha shahada kiushike uzi. Mkono wa kulia upige mara moja tu, usirudie. Kabla sauti haijafifia, kidole cha pete kidondoke kwenye uzi ule ule na kuondoka papo hapo, kama tone la mvua kwenye bati. Umesikia? Nota kubwa imekonyeza jicho.

Haikutoka? Rudia. Imetoka imekwaruza? Rudia. Kidole kinauma? Vizuri, rudia.

Na hapa kuna siri ambayo wengi wanaikosa mpaka uzeeni. Nota ndogo haina muda wake. Inakula muda wa mwenzake. Ukiipa muda wa ziada, mpigo wote unachelewa, na mpiga dumbaki atakugeukia kwa jicho unalolijua. Kwa hiyo mguu wako ugonge sakafu wakati wote unapofanya mazoezi. Mguu usimame imara, kidole kicheze.

Ukiimudu hiyo, jaribu kuteleza. Shingo ya udi haina vyuma kama gitaa, na hilo si pengo, ni uhuru. Kidole kinaweza kupita kwenye sauti zilizo kati ya nota mbili, zile ambazo maqamu ya Rasti na Bayati hayaendi bila hizo. Unao mlango wazi wa namna hiyo na bado unarukaruka kwenye nota kama mtu anayelipia kila hatua?

Sikukuambia ujaze kila mahali, lakini. Kuna vijana wakishajua doido moja wanalimwaga wimbo mzima, mshairi hasikiki, mwimbaji hapumui. Hiyo ni pupa. Mwimbaji akitamka neno, kaa chini yake, mbebe. Akimaliza mstari na kuvuta pumzi, hapo ndipo pako! Una mapigo mawili, labda matatu. Yatumie. Mjibu. Mpandishe. Mwenye kanuni mzuri anaishi kwenye nafasi hizo ndogo, na ukumbi mzima unamjua kwa hizo.

Chombo chako cha bei rahisi? Kidole hakijui bei.

Hujui kusoma nota? Madoido mengi ya taarab hayajawahi kuandikwa popote. Yanachukuliwa kwa sikio, mdomo kwa mdomo, kidole kwa kidole. Tafuta rekodi ya mtu mmoja unayemhusudu, sikiliza sekunde kumi, simamisha, iga. Sekunde kumi nyingine, simamisha, iga. Simu unayoitazama mchana kutwa inarekodi pia. Jirekodi, ujisikilize bila huruma. Utakuta mahali uliposinzia. Hapo ndipo pa kuanzia kesho asubuhi.

Muda huna? Una muda wa kulalamika kwamba taarab asilia inakosa vijana, na kijana mwenyewe ni wewe!

Mazoezi ya kikundi chenu ni kesho kutwa jioni. Ule wimbo wa pili, ubeti wa tatu, mwimbaji huvuta pumzi ndefu kabla ya kiitikio, na kila wiki nafasi ile inapita kimya.

Utaweka nini pale?