Nyumba ya Mungu, rudi Januari

Somo: Mwanzo 28:10–22 na 35:1–15



Katika mfuko wa koti langu la safari kuna daftari dogo ambalo si la mahubiri wala la mahudhurio. Ni daftari la mahali. Kila nipitapo mahali panapostahili picha, lakini saa niliyopita si saa yake, nasimama, naandika mistari miwili mitatu, kisha naendelea na kilichonipeleka. Nimefanya hivyo kwa miaka tisa. Kamera mnaijua, maana wengi wenu imewapiga siku za ndoa na za kipaimara. Daftari nilikuwa sijamwonyesha mtu. Leo nataka kuwasomea ukurasa wake mmoja.

Unaanza hivi: "Nyumba ya Mungu, upande wa Mwanga. Mgunga mmoja peke yake ukingoni. Saa saba mchana, mwisho wa Septemba. Jua utosini, maji meupe kama bati, mlima umejificha. Pazuri mno. Rudi Januari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Simama kusini kwa mti, tazama kaskazini."

Kwa wasiopafahamu, Nyumba ya Mungu ni bwawa lililojengwa katikati ya miaka ya 1960, kule chini mito ya Kikuletwa na Ruvu inakokutana. Maji yanayoshuka kutoka Kilimanjaro na Meru hutulia hapo kwanza, ndipo yaendelee kama mto Pangani mpaka baharini. Magharibi yake ni tambarare ya Simanjiro, mashariki ni milima ya Upare. Siku ikiwa safi, ukitazama kaskazini unauona mlima wote, Kibo na Mawenzi, umekaa juu ya maji. Watu wa pale wanaishi kwa mitumbwi na nyavu, na perege wao tunawala huku juu bila kuuliza nani alikesha kuwavua.

Kwa nini Januari? Hapa mniwie radhi nikae kidogo, maana jambo hili nalipenda. Sisi tuko kusini kidogo mwa ikweta, chini ya nyuzi nne. Kuanzia Machi katikati hadi mwisho wa Septemba, jua la mchana hupita upande wa kaskazini yetu, na uso wa Kibo tunaouona kutoka Moshi na Mwanga hubaki kwenye kivuli. Mwanzoni mwa Oktoba jua linavuka vichwa vyetu, linahamia kusini, na kuanzia hapo mpaka Machi ndilo linaloumulika uso ule. Julai jua huchomoza kaskazini zaidi ya mashariki, Januari huchomoza kusini zaidi ya mashariki, na kati ya miezi hiyo miwili pembe yake hupishana kwa zaidi ya nyuzi arobaini. Mti uleule, maji yaleyale, mlima uleule, lakini ni picha mbili zisizojuana. Tena mlima wetu una desturi yake: alfajiri huwa wazi, na jua likishapanda mawingu hukusanyika, na saa nne au saa tano umeshajifunika. Mgeni akifika saa saba akaambiwa Kilimanjaro iko pale, anapaswa kuamini kwa neno tu.

Zamani nilidhani simu inatosha. Ramani ya kwenye simu inakuruhusu kuchomeka alama mahali ulipo, na siku moja nilizihesabu alama zangu zikawa sitini na kitu. Niliziangalia moja baada ya nyingine, na zaidi ya nusu sikukumbuka niliona nini. Alama zote zinafanana. Zinakuambia ni wapi, hazikuambii kwa nini, wala ulikosa nini ulipokuwa pale, wala mwenye shamba aliyekuruhusu kupita ni nani. Ndiyo maana nikarudi kwenye kalamu. Mstari ulio muhimu katika daftari la mahali ni ule unaotaja kilichopungua: mvua haijanyesha, maji yamekauka, nimekuja na haraka. Ukiandika "pazuri" peke yake umejisifu macho tu. Ukiandika kilichopungua umeweka ahadi.

Sasa Yakobo. Naye alikuwa na mahali pake, na alipafikia saa mbaya kuliko zote: usiku, akikimbia hasira ya ndugu yake, bila hema, jiwe likiwa ndilo mto wake. Ndotoni akaona ngazi na malaika, akaamka ameshikwa na hofu, ndipo akatambua kwamba Mungu alikuwa pale na yeye hakujua. Kulipokucha, jiwe lile alilolilalia akalisimika wima, akalipaka mafuta, na mahali palipoitwa Luzu akapaita Betheli. Tafsiri yake kwa Kiswahili mnaijua: nyumba ya Mungu. Kisha akaweka nadhiri kwamba akirudi salama, jiwe hilo litakuwa nyumba ya Mungu. Aliandika daftari lake kwa jiwe na mafuta, akashika njia ya Harani.

Alikaa kwa mjomba wake Labani miaka ishirini. Akaoa, akapata watoto na mifugo, akarudi, akapatana na ndugu yake Esau. Na hapa ndipo pananishika. Alipofika Shekemu alinunua kiwanja, akajenga madhabahu, akakaa. Kutoka Shekemu hadi Betheli ni kama kilomita thelathini. Mtu aliyetembea kutoka Harani na kondoo na watoto wachanga, hizo zilikuwa nini kwake? Maandiko hayasemi kwa nini hakwenda. Hayasemi kwamba alikataa, wala kwamba alisahau. Alikuwa karibu, ana shughuli, ana madhabahu nyingine, na jiwe lilikuwa limesimama kule likimngoja. Nafikiri wengi wetu ndiko tunakokaa, kilomita thelathini kutoka mahali tulipoahidi. Msiba ukampata nyumbani mwake Shekemu, yaliyompata binti yake Dina na damu waliyoimwaga ndugu za binti huyo, na ndipo Mungu akamwambia ainuke, apande Betheli. Daftari la Yakobo alikuwa amelishika Mungu.

Angalieni pia sura ya 35 inavyokwenda. Alirudi, akasimika jiwe tena, akalipaka mafuta tena, akathibitishiwa jina la Israeli. Lakini palepale Debora, yaya wa Rebeka, alifariki, akazikwa chini ya mti, na mti ukaitwa kwa kilio. Kijana aliyelala pale peke yake sasa ni mzee mwenye watu wengi nyuma yake, na mmoja wao anamwacha katika ardhi hiyohiyo.

Mahali pengine hapangoji hivyo. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitoka pwani kuja Uchagani, aliona weupe juu ya mlima, akauandika katika kumbukumbu za safari yake. Wapo wasomi wa Ulaya waliobisha kwa miaka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Yeye alirudi Uchagani mara mbili baada ya hapo, na weupe ulikuwapo. Mimi nikipiga Kibo leo kutoka mahali pale pale walipopigia wazee wetu, picha haziendani. Kati ya mwaka 1912 na 2007 eneo la barafu ya Kilimanjaro limepungua kwa takriban asilimia 85. Aliyeandika "nitarudi kupiga barafu ile" akachelewa kizazi kimoja, amekuta mwamba. Kwa hiyo siku hizi, kando ya kila mahali katika daftari, naandika pia kama patangoja au hapatangoja. Mwamba unangoja. Mti huenda. Watoto wanaocheza mferejini hawangoji, hata mwaka mmoja.

Nirudi kwenye ukurasa wangu. Nilikuwa nimeshuka Nyumba ya Mungu Septemba ile kwa mazishi. Mvuvi mmoja, muumini wetu aliyehamia kule zamani, alikuwa amelala mauti, na usharika wa karibu ukaomba nisaidie ibada. Tulimzika adhuhuri. Wakati watu wanakula ndipo nilipotembea ukingoni nikauona ule mgunga, nikaandika yale niliyowasomea. Chini yake, katika ukurasa uleule, kuna mstari mwingine. Unasema: "Mjane. Nirudi."

Hayo tu. Mti nimeupa mwezi, saa, na upande wa kusimama. Mjane nimempa neno moja.

Nilirudi Nyumba ya Mungu mara tatu. Mara ya kwanza Julai, bila subira, nikijua kabisa si mwezi wake, na uso wa mlima ulikuwa kivulini kama nilivyojiandikia. Mara ya pili Januari, wingu lilikuwa limelala hadi chini, sikuona hata Upare. Mara ya tatu Januari iliyofuata. Kila mara niliondoka nyumbani saa tisa usiku, nikafika kukiwa giza, nikaegesha gari mahali palepale. Njia ya kufika kwenye mti inapita mbele ya mlango wa mjane yule. Kwenda na kurudi, mpaka asubuhi ile ya tatu nilikuwa nimeupita mara tano.

Safari ya tatu mlima ulitoka. Nilikuwa nimeinama kwenye kamera, mwanga ndiyo kwanza unagusa kilele, wakati kijana wa mitumbwi aliponijia kwa nyuma. Akasema, "Shikamoo Mchungaji. Bibi pale anakuulizia kama safari hii utaingia."

Niliacha kamera kwenye miguu yake mitatu, nikaenda. Alikuwa anafagia uwanja. Nilimpa pole, nikaanza kujieleza, naye akanisaidia kwa kunikatiza. "Karibu, Baba Mchungaji. Gari lako naujua mlio wake. Nilijua unakuja kuangalia maji." Hakusema kwa uchungu. Ningefarijika zaidi kama angesema kwa uchungu. Kwetu mlimani, mtu anayekwenda kuomba msamaha hubeba jani la isale, lile tunalopanda kwenye mipaka ya vihamba na makaburini, na mwenye kuletewa jani hilo si rahisi kukataa. Mimi mikono ilikuwa mitupu. Nilimwomba msamaha hivyohivyo, akacheka kidogo, akaniletea kigoda na chai.

Tulizungumza mpaka saa tano. Nilijua siku ile mambo ambayo nilipaswa kuyajua mwaka na zaidi uliopita: kwamba miezi ya kwanza watu walikuja wengi mno, na baada ya matanga kuvunjwa hakuja mtu, kwamba jioni hazimsumbui, ni alfajiri, saa ambayo mumewe alikuwa akirudi na nyavu na yeye akitoka na beseni kumpokea. Saa ileile niliyokuwa napita mlangoni pake na tochi. Paulo alimwambia Barnaba warudi katika kila mji walikolitangaza neno, wawaone ndugu wanaendeleaje. Nimelihubiri somo hilo mara nyingi, na kila mara nimesimulia safari, ramani na miji, nikawapita ndugu.

Kisha akaniomba kitu. Mtumbwi wa mumewe ulikuwa umefunikwa kifudifudi nyuma ya nyumba, na mnunuzi angekuja kuuchukua Ijumaa. Je, naweza kuupiga picha kabla haujaondoka?

Ilikuwa inakaribia saa sita. Mnajua sasa maoni yangu kuhusu saa sita. Mawingu yalikuwa yameshaufunika mlima, kamera kule ukingoni ilikuwa imepiga picha moja tu ya kilele na hata hiyo haikukaa sawa. Niliileta, nikampiga mama pale aliposimama, mkono mmoja juu ya mbao za mtumbwi, kanga ikimtilia kivuli nusu ya uso, jua likiwa limechoma kila kitu kingine mpaka weupe. Ni picha ambayo ningemkataza mwanafunzi wangu kuipiga. Wiki iliyofuata nilimpelekea imesafishwa, na kwenye fremu. Aliipangusa vumbi lisilokuwapo, akaitundika mahali anapoiona akiwa kitandani.

Mgunga bado nadaiwa. Ukurasa wake haujakatwa mstari. Lakini kabla ya kuondoka siku ile nilikaa garini nikafungua daftari palepale kwenye neno "nirudi", nikaandika pembeni yake kwa herufi ndogo kwa sababu nafasi ilikuwa haitoshi: "Hurudi kutoka shambani saa tisa. Alhamisi hayupo, ni siku ya mnada. Alfajiri ndiyo saa yake ngumu. Septemba mwisho, usikose. Chai haweki sukari nyingi, mpelekee majani ya chai ya mlimani. Hapatangoja."