Amana ya Mwenye Kipaza Sauti

Je, cheo humpa mtu ruhusa ya kunyamaza kwa busara, au humnyang'anya? Tarehe 31 Machi 2022, mjini Doha, Lise Klaveness alipanda jukwaani mbele ya mkutano mkuu wa FIFA. Alikuwa ameichezea Norwei mechi 73, akawa mwanasheria, na mwezi huohuo akachaguliwa kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza shirikisho la soka la nchi yake. Pale, ndani ya Qatar, nchi mwenyeji wa Kombe la Dunia la mwaka huo, aliwataja wafanyakazi wahamiaji walioumia katika maandalizi yake na familia za waliokufa. Nashikilia kwamba alitimiza wajibu, wala hakuonyesha ujasiri tu: uongozi ni amana, na mwenye amana huwajibika kwanza kwa wale ambao mlango wa ukumbi umefungwa mbele yao.

Hassan Al Thawadi, kiongozi wa maandalizi ya Qatar, alimjibu palepale kwamba hakuwatafuta kwanza wazungumze. Hoja hiyo ina uzito. Adabu hudai mtu aambiwe kabla ya kusemwa. Lakini msiba wa hadharani haumalizwi faraghani. Wengine watauliza: mbona wajumbe wa shirikisho la Norwei walikataa kususia Kombe hilo mwaka 2021? Kwangu, aliyechagua kubaki ndani ndiye hasa anayedaiwa maneno, maana kubaki kimya ni kuridhia. Wala sisemi kwamba soka ndilo lililompa Klaveness moyo huo: uchezaji wenyewe haumfanyi mtu mwema. Humfundisha tu, mwanamke hasa, jinsi inavyouma kuamuliwa mambo na watu asiowaona. Naye Klaveness hakuacha kuutafuta ukumbi: mwaka 2023 aligombea kamati ya utendaji ya UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, akashindwa. Aliingia mwaka 2025.