Jua ni Bure, Betri Si Bure

Wanangu, haya nimeyasema hata sauti imenikauka, lakini mzazi hachoki. Siwakatazi sola. Aliyekulia moshi wa koroboi, akaamka kila asubuhi na masizi puani, atawakatazaje? Paneli nzuri katika jua letu hili hurudisha nishati iliyotumika kuiunda kwa mwaka mmoja au miwili hivi, kisha huendelea kufua umeme miaka 25 na zaidi. Hilo sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu uko kwenye kile kisanduku kizito kilicho uvunguni. Mnapata paneli nzuri, halafu betri mnachagua ya bei ya chini. Rahisi huvunja upishi. Betri ya risasi na asidi ukiikamua kila usiku mpaka televisheni ijizime yenyewe, haichukui muda itakufa. Ukiitumia nusu tu ya chaji yake, itakaa miaka kadhaa. Piga hesabu basi: katika umri wa paneli moja utanunua betri ngapi? Ya lithiamu ni ghali mwanzoni, ila hudumu zaidi. Shikeni kalamu kabla ya kutia saini ya lipa pole pole.

Na betri ikishakufa, inakwenda wapi? Mnamuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu, mnapata hela ya sukari, basi. Waulizeni watu wa Owino Uhuru, hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikaa ubavuni mwao tangu 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyeajiriwa pale, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi katika damu. Mwaka 2020 mahakama iliwaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, kisha wakaburutwa kwenye rufaa. Mtaniambia zile zilikuwa betri za magari. Sawa, lakini risasi ni ile ile, na mtoto anayeivuta haulizi ilitoka kwenye gari au kwenye sola.

Kwa hiyo muulizeni muuzaji mambo matatu: dhamana ya betri ni ya muda gani, fundi wake yuko wapi, na betri ikifa ataipokea nani. Akibabaika kwa la tatu, muageni kwa adabu mwende duka jingine. Na asidi msiimwage uani, wala msiwaachie watoto waipasue betri kutafuta risasi ya kuuza.